Sindano ya platini: tathmini ya dawa aliyotibiwa nayo dada yangu

Dawa ninayoitathmini hapa ni sisiplatini, sindano ya saratani inayotengenezwa kwa madini ya platini. Dada yangu mkubwa aliipata mara sita, pamoja na mionzi, kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, nami ndiye niliyemuuguza muda wote huo: nilikaa kando ya kitanda chake, nikahesabu chupa za dripu, nikapima mkojo, nikamshikia beseni. Mimi si daktari. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari huku Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilinizoesha kuuliza maswali mpaka nielewe. Hospitali siitaji, kwa sababu ninachokipima ni dawa. Uamuzi wangu nautoa mapema, ili anayesoma akiwa na mgonjwa nyumbani asilazimike kufika mwisho ndipo aujue: dawa hii ni ya kweli na ni kali, na mtu asiiogope kwa sababu tu ni madini, lakini thamani yake inategemea sana maji, chumvi na mikono inayoitayarisha.

Sisi watu wa Kasese tumekulia kwenye madini. Baba yetu alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, ambako watu wa makabila mengi walikutana wakaelewana kwa Kiswahili, na jambo la kwanza alilotufundisha watoto wake ni kwamba maji yanayotiririka kutoka kwenye lundo la mabaki ya mgodi hayachotwi, hata yaonekane masafi namna gani. Kwa hiyo dada alipoelezwa kwamba dawa yake ni ya madini, alikataa papo hapo. Aliniambia, “Mdogo wangu, baba alitufukuza kwenye maji ya shaba kwa fimbo, na leo unataka nitiwe madini mshipani?” Sikuwa na jibu. Swali lake lilikuwa la haki, na ninaamini wagonjwa wengi hulinyamazia kwa kumwogopa daktari, kisha wanarudi kijijini bila kuaga.

Daktari hakukasirika. Alichukua karatasi, akaandika urefu na uzito wa dada, akapata eneo la uso wa mwili wake kuwa mita 1.5 za mraba. Kipimo cha kila wiki ni miligramu 40 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo yeye angepata miligramu 60 kila mara, na kwa mara sita jumla ingekuwa miligramu 360. Platini yenyewe ni kiasi cha asilimia 65 tu ya uzito wa dawa hiyo. Nilipiga hesabu usiku ule nikaona kwamba platini yote ambayo ingeingia mwilini mwa dada katika matibabu yake yote isingefika robo ya gramu. Punje moja ya haragwe ina uzito kuliko hiyo. Daktari hakuficha upande wa pili: alisema kwamba mabaki kidogo ya platini yanaweza kupimika katika damu ya mtu hata miaka 20 baada ya matibabu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Na saratani, nikiiacha, itakaa miaka mingapi?” Kisha akatia sahihi.

Historia ya dawa hii imenigusa, kwa maana inaonyesha jinsi kitu cha manufaa kinavyoweza kukaa rafuni bila mtu kukijua. Mwitaliano Michele Peyrone aliutengeneza mchanganyiko huu katika miaka ya 1840, na mwaka 1893 Alfred Werner akaeleza umbo lake, lakini hakuna aliyefikiria kuutumia kutibu. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Peyrone, mwanafizikia Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akipitisha umeme katika chombo chenye bakteria ili aone kama umeme huathiri mgawanyiko wa seli. Bakteria hao hawakufa, ila waliacha kugawanyika na kurefuka kama nyuzi, wengine mpaka mara 300 ya urefu wao wa kawaida. Baada ya kutafuta sana, yeye na wenzake waligundua kwamba umeme haukuhusika. Vijiti vya platini vilivyopitisha umeme huo vilikuwa vikiyeyuka kidogo kidogo ndani ya chombo na kuunda michanganyiko ya platini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1965. Ikiwa kitu kinazuia seli ya bakteria isigawanyike, huenda kikaizuia na seli ya saratani. Wakajaribu kwa panya wenye uvimbe, kisha kwa binadamu, na Desemba 1978 Marekani ikaiidhinisha kwa saratani ya korodani na ya ovari. Saratani ya korodani iliyosambaa, ambayo hapo awali iliwaua vijana wengi, siku hizi wengi wanaougua hupona kabisa kwa sababu ya dawa hii.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowashika wanawake wa Uganda kuliko saratani nyingine zote, hatua kubwa ilikuja Februari 1999, pale Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipowatangazia madaktari kwamba tafiti tano zimeonyesha faida ya kutoa sisiplatini sambamba na mionzi, badala ya mionzi peke yake. Baadaye takwimu za tafiti nyingi zilikusanywa na kupimwa pamoja, na ikaonekana kwamba kati ya wanawake 100, wanawake 6 zaidi huwa hai baada ya miaka mitano wakitibiwa kwa tibakemikali, yaani dawa za saratani za aina hii, na mionzi pamoja. Naiandika namba hiyo kama ilivyo. Anayetarajia muujiza ataiona ndogo; mimi niliyekaa katika wodi yenye vitanda vingi nilitazama nyuso za wanawake wale nikajiuliza hao sita ni akina nani, nami sikuiona ndogo.

Jinsi inavyofanya kazi nilielezwa na mfamasia, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niielewe dripu. Atomu ya platini iko katikati, na kandokando yake zimeshikana sehemu nne: mbili za amonia na mbili za klorini, kila jozi ikikaa upande wake. Ndani ya damu mna chumvi nyingi, na chumvi hiyo huifanya klorini itulie mahali pake, kwa hiyo dawa husafiri ikiwa imefungwa. Ikishaingia ndani ya seli, ambamo chumvi ya aina hiyo ni kidogo, klorini huachia, maji huchukua nafasi yake, na platini inabaki na pande mbili zilizo wazi. Hapo hujishikiza kwenye DNA, ule uzi wa vinasaba, kwa kawaida katika sehemu mbili zilizo jirani, na uzi unapinda. Seli inayotaka kugawanyika haiwezi kuunakili uzi uliopinda namna hiyo. Hujaribu kuutengeneza, ikishindwa hufa. Tatizo ni kwamba dawa haichagui vizuri kama ambavyo tungependa, na seli za figo na za sikio la ndani huumia pia.

Kwa hiyo siku ya dawa ni siku ya maji. Asubuhi huanza na majibu ya damu, hasa kreatinini, kipimo kinachoonyesha hali ya figo, na bila majibu hayo sista hafungui kichupa. Kisha kanula, kile kijibomba cha mshipani, kisha lita moja ya maji ya chumvi yaliyochanganywa na magnesiamu, ambayo huchukua saa mbili hivi. Dawa za kuzuia kutapika, ondansetroni na deksamethasoni, hutangulia. Ndipo inapokuja sisiplatini yenyewe: haina rangi wala harufu, huwezi kuitofautisha na maji, imechanganywa katika chupa ya maji ya chumvi iliyofunikwa mfuko mweusi ili mwanga usiiharibu. Hudondoka kwa saa moja. Baada yake, lita nyingine. Nilipewa jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia, na kazi yangu ilikuwa kuandika kila mara dada anapokojoa: saa, mililita, rangi. Sista aliyetuhudumia, mzaliwa wa Arua, alituambia kwa Kiswahili cha kwao kilichotufariji sana katika mji ambao wengi walituanza kwa Kiganda, “Mama, mimi dawa hii siiachii mpaka nione mkojo unatoka.” Nilikuja kutambua kwamba kauli hiyo ina maana kubwa kuliko maelezo yote yaliyo kwenye karatasi ya dawa. Mara ya nne kreatinini ilipanda. Dawa ikaahirishwa kwa siku mbili, dada akanyweshwa na kuongezewa maji, kreatinini ikashuka, tukaendelea. Mtunzaji anayeona kuahirishwa ni uzembe wa wauguzi anakosea.

Kuhusu kutapika, mtu asidanganyike na utulivu wa siku ya kwanza. Dada alirudi nyumba ya wageni siku ile akiwa mzima, akala viazi, akacheka. Siku ya tatu hakuweza hata kustahimili harufu ya matoke yakipikwa nyumba ya jirani. Tuliambiwa baadaye kwamba ndivyo ilivyo dawa hii, kichefuchefu chake cha pili hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, na kwamba vidonge vya kukizuia vinapaswa kumezwa kwa siku hizo zote, hata kama mgonjwa anajiona hana shida. Laiti tungalielezwa mapema. Mdomoni alisema ana ladha ya msumari. Nikaacha kumlisha kwa kijiko cha bati, nikatafuta cha mti, na uji wa mtama uliopoa ukapita vizuri zaidi. Nywele zilipungua tu, hazikumwisha kichwani kama tulivyoogopa.

Sasa nieleze kasoro mbili zilizotupata, na zote mbili zilitoka dukani. Ya kwanza ni ya mpwa wangu, ambaye kwa wasiwasi kwamba dawa ingekosekana alikwenda kununua kichupa cha miligramu 10 katika duka la dawa mjini. Muuzaji alikitoa kwenye friji, kikiwa kimetoka jasho kwa baridi, na kumhakikishia kwamba hapo dawa zinatunzwa vizuri. Mpwa alikileta kwa furaha. Sista alikipokea, hakukifungua. Alikiinua dirishani, akakipindua polepole, akatuita tutazame. Chini palikuwa na chembechembe za manjano, nyembamba, zikishuka taratibu kama mchanga mtoni. Sisiplatini haiwekwi kwenye friji: ikipata baridi, madini hujitenga na maji, na kichupa chenye chembe hakitumiki. Maelezo hayo yameandikwa kwenye kasha lenyewe, kwa herufi ambazo muuzaji angeweza kuzisoma kila siku alipofungua friji lake. Alikataa kurudisha fedha. Kilichoniuma zaidi ni kufikiri kwamba mgonjwa mwingine, aliye mbali na sista mwenye macho kama yale, angeweza kuchomwa hivyo hivyo. Sista alituonyesha pia kwamba sindano na vifaa vyenye alumini havigusi dawa hii, kwa kuwa platini hugombana na alumini na kugeuka vumbi jeusi.

Kasoro ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimpeleka dada kwenye duka linalouza chupa za “maji ya fedha”, yaani maji yenye chembe ndogo za madini ya fedha, akiambiwa kwamba yanaua saratani bila kutapisha. Chupa moja iliuzwa kwa bei ya mbuzi jike. Mwenye duka alinieleza mbele ya wateja wake, “Mwalimu, hospitalini wanawatia madini, na sisi tunawapa madini, tofauti iko wapi?” Nililibeba swali hilo mpaka kwa mfamasia, naye alinijibu kwa namna ambayo sitaisahau. Chukua sisiplatini ileile, alisema, atomu zilezile, idadi ileile, lakini ziweke zile klorini mbili pande zinazotazamana badala ya upande mmoja. Sasa una kitu kingine, nacho hakitibu saratani. Ikiwa platini yenyewe ikipangwa vibaya kidogo tu inapoteza uwezo wote, basi jina la madini peke yake haliponyi chochote. Kuhusu maji ya fedha, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatamka mwaka 1999 kwamba bidhaa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa zinatibu, na kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mtu akizinywa kwa muda mrefu ngozi yake inaweza kugeuka rangi ya kijivu na buluu, wala isirudi tena. Dada alikuwa amekunywa nusu chupa. Tuliimwaga iliyobaki.

Wanaouliza kama kuna dawa ya madini iliyo laini zaidi, jibu ni kwamba zipo ndugu zake, na kila moja ina tabia yake. Kaboplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, huzihurumia figo na haitapishi kwa kiasi hicho, lakini hushusha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa hiyo si kweli kwamba haina gharama mwilini. Oksaliplatini, iliyogunduliwa Japani katika miaka ya 1970, hutumika zaidi kwa saratani ya utumbo mpana, na mgonjwa wake hahimili baridi: akishika soda iliyotoka kwenye friji vidole humchoma. Hiyo huchanganywa na maji ya glukosi, wala haichanganywi na maji ya chumvi, jambo linaloonyesha jinsi ilivyo hatari mtu kukisia. Nje ya platini, arseniki, ambayo wazee wetu waliijua kama sumu tu, imekuwa dawa ya aina moja ya saratani ya damu kutokana na kazi ya madaktari wa Harbin, China, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2000. Watafiti wamejaribu titani, wakaiacha. Wamejaribu ruteni, na baadhi ya michanganyiko yake ilifika kwa wagonjwa ikaonekana haina nguvu ya kutosha, ingawa mingine bado inachunguzwa. Auranofini, dawa ya dhahabu iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi, nayo inapimwa upya dhidi ya saratani. Hizi za mwisho ni kazi za maabara, na mgonjwa anayetakiwa kuanza matibabu Jumatatu hana sababu ya kuzingojea.

Niongeze neno moja kuhusu kobalti, kwa kuwa naandika nikiwa Kasese, ambako kwa miaka mingi kobalti ilichujwa kutoka kwenye mabaki ya mgodi wa shaba. Mashine ya mionzi iliyozinduliwa Uganda Januari 2018, baada ya ile ya zamani kuharibika mwaka 2016 na kuwaacha wagonjwa wa nchi nzima bila tiba hiyo, inatumia kobalti iliyofanywa kuwa na mionzi. Sidai kwamba ilitoka kwetu. Nilimweleza dada tu kwamba madini aliyoyaogopa baba ndiyo pia yanayotibu, yakishikwa na anayeyajua, na yeye akasema kwamba baba angependa kulisikia hilo.

Dada amemaliza matibabu, na katika uchunguzi wa mwisho daktari hakuuona uvimbe. Figo zake zimerudi katika hali ya kawaida. Kwa hayo mawili ninaipendekeza sisiplatini kwa moyo wote kwa mgonjwa ambaye daktari bingwa amempima na kumwandikia, mahali ambapo damu hupimwa kabla ya kila sindano na maji hayakosekani.

Kuna jambo moja ningelifanya tofauti: ningeomba apimwe masikio kabla ya chupa ya kwanza, kwa maana dawa hii huanza kula sauti za juu, nyembamba, ambazo mtu hazitumii katika mazungumzo, kwa hiyo hagundui mapema, na kinachopotea kwa kawaida hakirudi. Sisi tuligundua baada ya sindano ya tano. Tulikuwa tumekaa barazani jioni, nyenje wakilia mpaka ukahisi majani yenyewe yanatetema, na dada akaniuliza, “Mwaka huu nyenje wamehama?” Nilimtazama nikidhani anatania. Tulimwambia daktari kesho yake, akampima, akamweleza kilichokuwa kimetokea na kumpa uchaguzi wa kuacha au kumalizia sindano iliyobaki. Aliomba amalizie. Sauti ya wajukuu anaisikia, redio anaisikia, adhana ya msikiti wa jirani anaisikia. Nyenje hawasikii, na wakianza kulia huniuliza kama wapo, nami humwambia.